Goti la nani? Mwongozo kamili wa kuzingatia usawa wa afya katika mapitio ya kimfumo ya tiba za mifupa na viungo

Mwaka 2015 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ilitoa mapitio ya kimfumo, yaani uchambuzi wa pamoja wa tafiti zote za swali moja, kuhusu mazoezi tiba kwa wenye osteoathritisi ya goti, ugonjwa wa kulika kwa kiungo. Majaribio 54 yalikusanywa, na jibu likawa kwamba mazoezi hupunguza maumivu kwa takriban pointi 12 kwenye kipimo cha 0 hadi 100, mara tu programu inapokwisha. Ni jibu zuri, lakini ni la wastani. Chukua mama wa miaka 58 anayelima kwa jembe la mkono, anayeteka maji mwenyewe, na ambaye mtaalamu wa fiziotherapia wa karibu yuko makao makuu ya mkoa. Je, hizo pointi 12 ni zake pia? Mapitio mengi hayawezi kumjibu, kwa sababu walioyaandika hawakujiuliza swali hilo tangu mwanzo.

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa shahada za juu, wataalamu wa fiziotherapia, madaktari wa mifupa na watafiti wanaotaka kufanya mapitio ya tiba za maungo bila kumpoteza mama huyo njiani. Nitatumia osteoathritisi ya goti kama mfano wa kudumu, ila hatua ni zilezile kwa maumivu ya kiuno, baridi yabisi, kuvunjika mifupa au kuoza kwa nyonga. Nachukulia kwamba misingi ya mapitio ya kimfumo unaifahamu.

Kwanza, kubaliana na wenzako mnatafuta nini

Si kila tofauti ya afya ni ukosefu wa haki. Margaret Whitehead, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliweka kipimo ambacho bado kinatumika: tofauti inakuwa ya dhuluma pale inapoweza kuepukwa, haikuwa ya lazima, na si ya haki. Mzee wa miaka 75 kuwa na goti bovu kuliko kijana wa 20 ni umri. Mwanamke mwenye goti bovu sawasawa na la mwanamume, lakini mwanamume akapelekwa kwa mpasuaji na yeye akaambiwa anywe dawa za maumivu, hilo ni jambo jingine kabisa.

Huo si mfano wa kubuni. Mwaka 2000, Gillian Hawker na wenzake walichapisha utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, ambako upasuaji wa kuweka goti au nyonga bandia unalipiwa na bima ya umma. Waliona kwamba wanawake waliohitaji upasuaji huo bila kuupata walizidi wanaume kwa zaidi ya mara tatu. Mwaka 2008 watafiti wa hukohuko Kanada wakaenda mbali zaidi. Walituma wagonjwa wawili waliofunzwa, mwanamume na mwanamke, wakiwa na osteoathritisi ya goti ya kiwango kilekile na maelezo yaleyale, kwa madaktari 71. Madaktari waliopendekeza upasuaji kwa mwanamume walikuwa asilimia 67, na kwa mwanamke asilimia 33. Fedha haikuwa kikwazo hapo. Kikwazo kilikuwa ndani ya chumba cha daktari. Wakati wote huo majaribio ya upasuaji wenyewe yalikuwa yanaonyesha kuwa goti bandia linafanya kazi vizuri, na yalikuwa sahihi.

Kwa hiyo mapitio yako yana maswali mawili. Je, tiba inafanya kazi tofauti kwa makundi tofauti? Na je, hata kama inafanya kazi sawa, inawafikia sawa? La pili ndilo wengi hulisahau.

Andika swali na uchore njia

Swali la kawaida lina washiriki, tiba, kilinganishi na matokeo. Ongeza sehemu ya tano: tofauti kati ya nani na nani? Kisha amua mapitio yako ni ya aina gani. Yanaweza kuwa ya tiba iliyolengwa kwa kundi lililoachwa nyuma, kwa mfano mazoezi yanayosimamiwa na wahudumu wa afya ya jamii vijijini. Yanaweza kuwa ya hatua inayokusudia kupunguza pengo kati ya makundi. Au ni ya tiba ya watu wote, ambamo unashuku kuwa pengo limejificha. Aina hii ya tatu ndiyo iliyo nyingi, na ndiyo inayohitaji nidhamu kubwa, maana hakuna atakayekudai suala la usawa usipolileta mwenyewe.

Baada ya hapo chora njia ambayo mgonjwa hupita kutoka kuumwa hadi kupona, ukiandika penye kila kituo ni nani anadondoka. Peter Tugwell wa Ottawa, Kanada, na wenzake walieleza mwaka 2006 jinsi ya kuihesabu njia hiyo: nguvu ya tiba, mara kufikiwa kwa huduma, mara usahihi wa utambuzi, mara mtoa huduma kufuata anachotakiwa, mara mgonjwa kuifuata tiba.

Fanya hesabu yenyewe, hata kwa tarakimu za kukadiria, uone inavyouma. Tuseme mazoezi yanawasaidia watu 60 kati ya 100 wanaoyafuata. Mjini, asilimia 80 wanafika kituoni, asilimia 80 ya hao wanatambuliwa vizuri, asilimia 80 wanaandikiwa mazoezi, na asilimia 70 wanayamaliza. Zidisha zote kwa 60: unapata watu kama 21 kati ya kila 100 wenye ugonjwa. Kijijini, wanaofika ni asilimia 30, wanaotambuliwa 50, wanaoandikiwa 60, wanaomaliza 50. Unapata chini ya watu 3. Nguvu ya tiba hatujaigusa hata kidogo, lakini 21 wamekuwa 3. Tarakimu hizo nimezitunga kwa ajili ya mfano; wewe weka za eneo lako kadiri unavyozipata, na mchoro huo utakuonyesha ni data gani uitafute ndani ya tafiti.

Chagua sifa chache, mapema, na utoe sababu

Chombo cha kuanzia ni PROGRESS, orodha ya sifa za watu zinazoweza kuleta pengo la afya. Tim Evans na Hilary Brown walikiweka wazi mwaka 2003 wakiandika juu ya ajali za barabarani, na anayefanya kazi kwenye wodi ya mifupa anajua ajali za barabarani zinavyowaangukia watu wasio na gari. Herufi zake nane zinabeba: mahali mtu anapoishi; rangi, kabila, utamaduni na lugha; kazi; jinsia; dini; elimu; hali ya uchumi; na mtaji wa kijamii, yaani watu wa kumshika mkono. Baadaye ikaongezwa "Plus" kwa ajili ya umri, ulemavu na hali za muda zinazomweka mtu pabaya, kama kutoka hospitali juzi.

Usizichukue zote na kuzifanyia uchambuzi. Ukigawa data kwa sifa kumi, huenda mojawapo ikaonyesha tofauti kwa bahati tu. Kusanya taarifa za zote kwa maelezo, lakini kwa uchambuzi chagua mbili, tatu, zisizidi nne, na kwa kila moja andika kwa nini unatarajia tofauti na inaelekea upande gani. Kwa goti ningechagua kazi, jinsia na mahali pa kuishi. Kazi, kwa sababu mtu anayepiga magoti na kubeba mizigo kutwa hawezi kupumzisha goti kama karani, na programu ya saa tatu asubuhi inamnyima kibarua cha siku hiyo. Jinsia nimeshaieleza. Mahali, kwa sababu ya umbali na nauli.

Dini watu huiruka haraka. Kwa goti haifai kurukwa. Kwa Mwislamu kusujudu mara nyingi kila siku, na kwa Mkatoliki kupiga magoti kanisani, ni matokeo ya tiba yenye uzito kuliko kupanda ngazi. Mgonjwa anayeswali akiwa amekaa kwenye kiti na kutamani kurudi kwenye mkeka anajua hasa tiba "imefaulu" maana yake nini. Muulize.

Yaandike yote haya kwenye itifaki, yaani mpango wa mapitio, na uisajili PROSPERO, daftari la kimataifa la usajili wa mapitio, kabla ya kuanza kuchuja tafiti. Uchambuzi wa makundi uliozaliwa baada ya kuona matokeo hauna uzito, na wahakiki watakuambia hivyo, kwa haki kabisa.

Kaa na wanaohusika

Wagonjwa wawili watatu, wakiwemo wasiosoma Kiingereza, na mtoa huduma mmoja wa ngazi ya zahanati. Waonyeshe mchoro wa njia na orodha ya matokeo kabla itifaki haijafungwa. Nauli na muda wao walipwe.

Tafuta pana kuliko ulivyozoea

MEDLINE, Embase na CENTRAL, hifadhi kuu za makala na majaribio ya tiba, ni lazima. Kwa fiziotherapia ongeza PEDro ya Australia. Kisha nenda wasikokwenda wengi: African Index Medicus na AJOL kwa Afrika, LILACS kwa Amerika ya Kusini, na jukwaa la WHO la usajili wa majaribio. Hazina za tasnifu za vyuo nazo zina majaribio ambayo hayakuwahi kufika kwenye majarida. Usiweke kikomo cha lugha.

Onyo moja. Usichuje utafutaji wako kwa maneno kama "usawa" au "umaskini". Jaribio linaweza kuwa na jedwali zuri la matokeo kwa kiwango cha elimu bila neno hilo kutokea kwenye muhtasari hata mara moja. Tafuta tiba na ugonjwa. Usawa utautafuta ndani ya makala kamili.

Toa data kwa fomu inayouliza nani hayupo

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo chukua muda. Kwa kila sifa ya PROGRESS tengeneza safu zinazouliza mambo manne: imeripotiwa kwa washiriki walipoanza? Imeripotiwa kwa waliojitoa? Matokeo yamegawanywa kwayo? Ilitumika kama kigezo cha kumkataa mtu?

Safu hii ya nne ina siri nyingi. Soma vigezo vya kutengwa neno kwa neno. "Asiyeweza kujaza dodoso kwa Kiingereza" ni lugha na elimu. "Asiyeweza kuhudhuria mara tatu kwa wiki" ni kazi, umbali na kipato. "Mwenye magonjwa mengine" mara nyingi ni umri na umaskini vikiwa pamoja. "Awe na simu janja" siku hizi inatokea sana kwenye programu za mazoezi ya mtandaoni. Mtafiti aliviweka vigezo hivyo kwa sababu za kiutendaji, pengine bila nia mbaya, ila matokeo yake ni kwamba jaribio halikumjaribu yule mama kabisa.

Tuseme unasoma jaribio la mazoezi la mji mkubwa wa Ulaya. Fomu yako ingejazwa hivi: mahali: mjini, haijagawanywa; lugha: wasiosema lugha ya nchi walikataliwa; kazi: haijatajwa; jinsia: wanawake wengi, matokeo hayajagawanywa; elimu: miaka ya shule imetajwa mwanzoni tu; uchumi: haijatajwa; waliojitoa: idadi ipo, sifa zao hazipo. Andika "haijatajwa" kila panapostahili, usiache wazi. Mwishoni utazihesabu hizo "haijatajwa", na hesabu hiyo ni mojawapo ya matokeo ya mapitio yako. Kutokuwepo kwa data kumewekwa na watu, na kunaweza kurekebishwa na watu.

Waandikie waandishi kuomba matokeo yaliyogawanywa. Omba jedwali dogo tupu walijaze, lenye wastani, mchepuko na idadi ya watu kwa kila kundi. Usiombe "data zenu zote". Barua fupi yenye jedwali hujibiwa kuliko ndefu.

Kisha chunguza vipimo vyenyewe. Dodoso la WOMAC, linalotumika sana kwa osteoathritisi ya goti na nyonga, lina maswali 24, na katika yale 17 ya shughuli kuna kuingia na kutoka kwenye beseni la kuogea. Kuchuchumaa hakumo. KOOS, dodoso jingine la goti, inauliza kuhusu kuchuchumaa na kupiga magoti, lakini kwenye sehemu ya michezo na burudani. Kwa anayetumia choo cha kuchuchumaa, anayepika kwenye mafiga na kupalilia akiwa ameinama, hiyo si burudani. Rekodi dodoso lilitumika kwa lugha gani na kama lilithibitishwa kwa watu hao.

Picha za eksirei nazo zina historia. Madaraja ya Kellgren na Lawrence, ya ukali wa osteoathritisi kwenye eksirei, yalichapishwa Uingereza mwaka 1957 na bado ndiyo yanayoamua nani aingie kwenye majaribio mengi. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba madaraja hayo yalieleza asilimia 9 tu ya pengo la maumivu ya goti kati ya Wamarekani weusi na wengine, ilhali programu ya kompyuta iliyofunzwa kusoma picha hizohizo kwa kufuata maumivu ya mgonjwa ilieleza asilimia 43. Kilichowaumiza kilikuwa ndani ya goti na kwenye picha. Kipimo ndicho kilichoshindwa kukiona. Basi jaribio likitaka "daraja la 2 na kuendelea", jiulize ni magoti ya nani yameachwa mlangoni.

Tathmini uelemeo kwa jicho lilelile

Uelemeo ni kasoro za utafiti zinazovuta matokeo upande mmoja. Tumia RoB 2, chombo cha kuupima kwenye majaribio, kama kawaida, ukiweka uangalifu zaidi kwenye waliopotea. Kundi la mazoezi likipoteza vibarua na kubakiza wastaafu, wastani wa mwisho ni wa wastaafu.

Changanua bila kujidanganya

Makosa matatu hutokea mno.

La kwanza ni kulinganisha thamani za p, yaani namba zinazotumika kuamua kama tokeo linaweza kuwa la bahati tu. Tuseme wanawake walipungukiwa maumivu kwa pointi 10, wigo wa uhakika wa asilimia 95 (upana ambamo jibu la kweli linaweza kuwa) ukiwa 1 hadi 19, na wanaume pointi 8, wigo ukiwa -4 hadi 20. Kwa kuwa wigo wa wanaume unagusa sifuri, mwandishi anaandika: "tiba inawasaidia wanawake, haiwasaidii wanaume." Si kweli. Tofauti kati yao ni pointi 2, na wigo wake unatoka kama -13 hadi 17, yaani hujui chochote kuhusu tofauti hiyo. Pima tofauti yenyewe, kisha uripoti wigo wake. Kwa kukadiria uaminifu wa tofauti ya makundi kuna chombo kiitwacho ICEMAN, kilichochapishwa mwaka 2020.

La pili ni kulinganisha jaribio na jaribio na kudhani umelinganisha mtu na mtu. Majaribio yenye wanawake wengi yakionyesha faida kubwa, huenda sababu ni muda wa mazoezi au nchi. Taarifa iliyotoka ndani ya jaribio moja, ambamo wote walipewa kitu kilekile, ina nguvu zaidi. Urejelezaji wa meta, yaani kupima kama sifa za majaribio zinaeleza tofauti za matokeo yao, usiufikirie kama huna angalau majaribio kumi kwa sifa moja.

La tatu ni kuripoti kipimo cha uwiano peke yake. Chukua dawa inayopunguza kuvunjika nyonga kwa asilimia 30 kwa kila mtu. Kundi moja lilikuwa na watu 10 wanaovunjika kati ya 1,000; sasa ni 7. Jingine lilikuwa na 30. Sasa ni 21. Uwiano haujabadilika, kundi la pili bado linavunjika mara tatu ya la kwanza. Lakini limeokoa watu 9 na la kwanza 3, na pengo limeshuka kutoka 20 hadi 14. Ukitoa uwiano tu utasema usawa haujasogea. Ukitoa idadi tu utasema umesogea sana. Toa vyote viwili, msomaji aone.

Pale tafiti zisipokubali kuunganishwa, eleza kwa maneno na jedwali. Hakuna aibu katika hilo.

Kiwango cha uhakika

Katika GRADE, mfumo wa kupima uhakika wa ushahidi, suala la usawa huingia zaidi kwenye kipengele cha ushahidi usio wa moja kwa moja. Usiushushe uhakika kwa sababu tu jaribio lilifanyika ng'ambo. Goti ni goti. Msuli wa paja ukiimarishwa Oslo au Iringa unaimarika kwa njia ileile. Shusha pale unapoweza kutaja sababu ya kutarajia matokeo tofauti: usimamizi wa karibu usiopatikana, mzigo wa kazi usiopungua, dawa za maumivu zisizokuwepo. Inawezekana basi tiba moja ikawa na uhakika wa kati kwa wastaafu wa mjini na uhakika mdogo kwa wakulima. Ziweke kama mistari miwili katika jedwali la muhtasari wa matokeo.

Ripoti

Fuata PRISMA-E ya mwaka 2012, orodha ya mambo ya kuripoti iliyoandaliwa na Vivian Welch na wenzake kwa mapitio yenye mwelekeo wa usawa, pamoja na PRISMA 2020, ile ya mapitio kwa jumla. Usawa uonekane kwenye muhtasari, njia, matokeo na mjadala. Aya moja ya mwisho inayosema "tafiti zaidi zinahitajika kwa makundi maalumu" haimsaidii mtu.

Chunga sentensi zako. "Hatukuona tofauti kwa hali ya uchumi" na "hakuna jaribio lililoripoti hali ya uchumi" ni habari mbili zilizo mbali kabisa. Mtunga sera akisoma ya kwanza atastarehe. Akisoma ya pili atajua hana pa kuegemea. Na ya pili ndiyo utakayoiandika mara nyingi.

Unapopendekeza utafiti wa baadaye, taja vitu vinavyoweza kufanyika: jaribio la mazoezi ya nyumbani yanayosimamiwa na mhudumu wa afya ya jamii, dodoso la Kiswahili lenye kuchuchumaa na kusujudu, nauli kulipwa kwa washiriki, matokeo kugawanywa kwa kazi na jinsia, yote yakitangazwa kwenye itifaki. Ukurasa mmoja wa lugha nyepesi uandike kwa Kiswahili na uurudishe kwa wagonjwa mliokaa nao mwanzo wauhakiki kabla haujatoka. Fomu yako ya data, pamoja na zile "haijatajwa" zote, iambatanishe na makala au uiweke kwenye hifadhi ya wazi, ili atakayeyahuisha mapitio miaka michache ijayo aanzie hapo na aweze kuhesabu ni ngapi zimejazwa.